Jina Lililobaki Maabara

Hakuna mtu katika hospitali ile aliyependa kupita mbele ya chumba namba kumi na nne, ingawa kilikuwa mkabala na ngazi na kila mtu alilazimika kukipita. Ndani yake alikaa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyeitwa Bi Kufuli. Jina lake halisi lilikuwa limeandikwa juu ya mlango, lakini kibao kilikuwa juu mno, na hakuna aliyejishughulisha kuinua shingo ili akisome.

Kazi yake ilikuwa kusimamia akaunti za watumiaji. Kila daktari, muuguzi, mfamasia na karani alikuwa na rekodi yake katika mfumo wa hospitali: jina, namba ya utumishi, milango anayoruhusiwa kufungua na mambo anayoruhusiwa kuidhinisha. Mtu akiajiriwa, Bi Kufuli alimfungulia. Lakini watu hawakukumbuka kufunguliwa, walikumbuka kufungwa. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi ofisi ya utumishi ilimletea orodha ya walioondoka, wawe wamestaafu, wamehamishwa, wamefukuzwa au wamefariki, na kabla ya saa nne alikuwa amekwisha kuwazima wote. Hakumpigia mtu simu kwanza. Daktari mmoja wa meno alizimwa akiwa katikati ya kuandika maelezo ya mgonjwa wake wa mwisho, na mpaka leo hukisimulia kisa hicho kwa uchungu.

"Yule mama," walisema wahudumu wa wodi, "hata Israili mtoa roho ana haya kuliko yeye."

Kulikuwa na jambo moja ambalo Bi Kufuli alimweleza kila aliyemlalamikia, na ambalo hakuna aliyelisikiliza. Kuzima na kufuta ni mambo mawili. Akaunti iliyozimwa ni kama nyumba iliyofungwa: mwenyewe haingii tena, lakini jina lake linabaki katika kila kitu alichokiidhinisha, na kila hatua aliyoipiga ndani ya mfumo inaweza kusomwa. Akaunti iliyofutwa ni kiwanja kitupu. Jina linaondoka, nyayo zinaondoka, na mahali pake mfumo unaweka kistari kifupi. Kanuni za hospitali zilisema mtu azimwe siku yake ya mwisho kazini, kisha afutwe baada ya miaka saba. Katika miaka yake kumi na miwili ya kazi, Bi Kufuli hakuwa amezivunja kanuni hizo isipokuwa mara moja, na mara hiyo ilitokea jikoni kwake.

Nyumbani aliitwa Mama Pacha. Aliyemwita hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mama mkwe wake, mtaalamu wa maabara katika hospitali ileile. Kwa miaka thelathini na mmoja mama huyo alikuwa ameinamia darubini mpaka shingo ikabaki imepinda kidogo upande wa kushoto, na watu wakamwita Bi Darubini. Alikuwa mwepesi wa kuona na mzito wa kusamehe. Siku mwanawe alipomleta mchumba nyumbani, alimtazama binti wa watu kutoka utosini hadi visiginoni, kisha akamwambia dada yake, pasipo kupunguza sauti, "Sampuli si mbaya, ila ni kidogo."

Miaka minane waliishi chini ya paa moja. Bi Darubini aliosha upya kila kikombe kilichokwisha kuoshwa na mkwewe, akikiinua kwenye mwanga wa dirisha kana kwamba anatafuta vimelea. Mkwewe, kwa kulipiza, aliacha kabisa kuosha vikombe. Mume wa mmoja na mwana wa mwingine alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na majirani walisema kazi hiyo hakuitafuta kwa sababu ya kupenda malori.

Wiki ya kustaafu kwake, Bi Darubini alimfuata mkwewe jikoni.

"Mama Pacha. Jumatatu jina langu litafika mezani kwako."

"Najua, Mama."

"Usiliguse."

Mkwewe aliendelea kukata vitunguu. "Kanuni ni siku ya mwisho."

"Kanuni nilizijua wewe hujajua kufunga kamba za viatu. Pale maabara majibu ya kipimo hayatoki mpaka mtu wa daraja la juu ayaidhinishe. Wenye daraja hilo tuko wawili, mimi na mkuu wa maabara, na mkuu anashinda vikaoni. Wa kushika nafasi yangu hajaletwa. Ukinizima, wagonjwa watasubiri majibu mpaka waote ndevu, na wengine ni wanawake."

"Kwa hiyo jina lako lifanye kazi kule, na wewe uko hapa?"

"Wapo niliowafundisha kwa mkono wangu. Wataliangalia. Ni mpaka wampate mtu tu." Alichukua kikombe kwenye rafu na kukitazama. "Au umeingoja miaka minane siku ya kunifungia mlango?"

Neno hilo ndilo lililomshinda Bi Kufuli, kwa sababu lilikuwa la kweli. Alikuwa ameingoja. Mara nyingi, akiwa amelala na maneno ya mama mkwe yakimkereketa masikioni, alijiliwaza kwa kuiona Jumatatu hiyo: jina kwenye orodha, kidole, basi. Mtu mwenye hamu ya namna hiyo hawezi kuwa na uhakika kama anatimiza kanuni au anatimiza kisasi. Jumatatu ilipofika aliwazima watu sita. Wa saba, katika nafasi ya maelezo, alimwandikia: "Imesubirishwa. Sababu: ombi la familia." Mfumo uliweka jina lake na saa chini ya maneno hayo, kama ulivyofanya kwa kila aliyeandika chochote.

Wiki tisa zilipita. Nyumbani Bi Darubini aliwafundisha pacha kuhesabu kwa vifuniko vya chupa, akawakaripia walipokosea. Kule maabara, neno lake la siri lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mlango wa jokofu la dawa za vipimo. Kila aliyetaka kutoa majibu alifungua jokofu, akasoma, akafunga, akaidhinisha. Walizoea hata wakaacha kuona ajabu. Mtu akiuliza, "Nani ameidhinisha?" wenzake walijibu, "Jokofu."

Siku ya Alhamisi ya wiki ya tisa, chupa mbili za sampuli za damu zilibadilishana nafasi kwenye kibao cha kuzishikilia. Mama mmoja aliyekuwa akitayarishwa kwa upasuaji aliandikiwa kundi la damu lisilo lake. Damu ilikuwa imekwisha kuletwa kitandani wakati muuguzi alipoona ndani ya mkoba wa mgonjwa kadi ya zamani ya kliniki yenye kundi jingine. Alisimamisha kila kitu. Hakuna aliyedhurika. Karatasi ya majibu, pale chini, ilisema: "Imeidhinishwa na," kisha likafuata jina kamili la mwanamke ambaye wakati huo alikuwa nyumbani akikunja nguo.

Mkuu wa maabara alifika chumba namba kumi na nne kesho yake asubuhi. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti laini na mikono isiyotulia. Alifunga mlango nyuma yake.

"Dada yangu, tusizunguke mbuyu. Kuna akaunti ya mstaafu haijazimwa."

"Naizima leo."

"Usiizime. Ifute."

Bi Kufuli alivua miwani. "Haijatimiza hata miezi mitatu. Miaka saba ndiyo kanuni."

"Kanuni." Mkuu alicheka kwa pua. "Wewe wa kuniambia mimi kanuni? Jumatatu kamati ya uchunguzi inakaa. Ukiifuta, pale kwenye mfumo patabaki kistari. Nitasema mfumo ulikosea. Mashine haina watoto, haiwezi kulia. Wewe umepona, mimi nimepona, na mkweo amepona."

"Na karatasi iliyo kwenye faili la mgonjwa? Ile ina jina lake."

"Karatasi moja."

"Karatasi moja yenye jina lake, na hakuna kitu kingine popote cha kuonyesha nani aliikalia kompyuta. Hapo aliyepona ni nani?"

Mikono ya mkuu ilitulia kwa mara ya kwanza. "Basi sikiliza upande wa pili. Usipoifuta, nitaulizwa jina la mstaafu limefikaje pale. Nitasema bibi ana neno lake la siri, anaishi na msimamizi wa akaunti, na nyumbani kwao kuna kompyuta. Aliingia kutoka huko kwa kutojua, uzee. Wataamini. Bi Kufuli mzima, anafunga hospitali nzima, halafu kufuli la nyumbani kwake limemshinda. Si watacheka?"

"Watacheka," alisema Bi Kufuli.

"Basi fikiri. Mpaka Jumatatu."

Alipotoka, Bi Kufuli alifungua rekodi ya mama mkwe wake. Mkuu wa maabara hakujua kwamba mfumo huandika pia kompyuta ambayo mtu ameingilia. Vyote vilikuwa pale, mstari kwa mstari: majibu mia nne na kumi na mawili katika wiki tisa, yote kutoka kompyuta moja, ile iliyo kando ya jokofu. Rekodi hiyo ilimsafisha mama mkwe wake kabisa. Lakini juu ya mistari yote, mahali ambapo jicho la kwanza lingetua, yalikuwapo maneno yake mwenyewe: "Ombi la familia." Huwezi kuonyesha kimoja ukaficha kingine. Akiifuta, kosa lake linafutika pamoja na utetezi wa mama yule. Akiibakiza, anajipeleka mwenyewe kwa mchinjaji, kamba mkononi.

Jioni alimweleza Bi Darubini, akiwa amesimama, kwa sababu hakukaribishwa kuketi. Alimweleza yote, hata kile alichoambiwa kuhusu uzee.

Mama mkwe alisikiliza bila kupepesa macho. Kisha akasema, "Umenitega."

"Mama?"

"Nilikuomba, ukanikubalia. Tangu lini wewe unanikubalia? Nikisema maji ni baridi unaongeza barafu. Siku hiyo moja ukaniitikia kama mtoto wa shule. Nilipaswa kujua."

"Wewe ndiye uliyeniambia nisiliguse."

"Na wewe ulikuwa na kazi ya kunikatalia. Hospitali inakulipa unikatalie mimi. Inamlipa nani mwingine?"

Bi Kufuli alipandisha sauti. "Neno la siri lililo kwenye mlango wa jokofu, nalo niliandika mimi? Miaka thelathini na mmoja unawafundisha watu kuosha mikono, halafu unawaachia jina lako wapokezane kama kijiko cha msibani?"

Pacha, waliokuwa wakihesabu vifuniko kwenye mkeka, waliinua vichwa kisha wakavirudisha.

"Sasa utafanya nini?" aliuliza Bi Darubini. "Utanifuta?"

"Nikikufuta, hakuna kitakachobaki. Hata mwaka ule wa kipindupindu ulipolala maabara siku kumi na moja. Vistari tu."

"Sikukuuliza kitabaki nini. Nimekuuliza utafanya nini."

"Utasikia Jumatatu, pamoja na wengine," alijibu Bi Kufuli, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Siku mbili za mapumziko hawakusemeshana. Kikombe kiliwekwa, kikombe kiliondolewa. Jumapili jioni dereva wa lori alipiga simu kutoka njiani kuuliza hali, akaambiwa na kila mmoja, kwa zamu, kwamba ni nzuri sana. Akaamua kuongeza siku moja safarini.

Kamati ilikaa katika ukumbi mdogo wenye meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa mkurugenzi wa hospitali, mwanamke mwenye mvi na subira fupi. Kulia kwake alikaa muuguzi mkuu. Bi Darubini aliitwa kama shahidi. Alikuja na gauni lake la kazi, lililopigwa pasi, ingawa hakuwa tena na ruhusa ya kulivaa, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Aliketi mbali na mkwewe kadiri meza ilivyoruhusu.

Mkuu wa maabara alianza. Alizungumza kwa masikitiko juu ya wazee, juu ya kusahau, juu ya kompyuta zilizo majumbani. Hakulitaja jina la mtu. Alilizunguka tu, kama fisi anavyozunguka zizi.

"Bi Kufuli," alisema mkurugenzi, kisha akajikwaa, kwa kuwa hata yeye hakuwa na jina jingine karibu. "Rekodi inasemaje?"

Bi Kufuli alisimama na karatasi zake. "Rekodi ipo, haijafutwa, ingawa niliombwa niifute." Hakumtazama aliyemwomba. "Akaunti hii imeidhinisha majibu mia nne na kumi na mawili baada ya mwenyewe kustaafu. Hakuna hata moja lililotoka nyumbani kwangu wala kwingine kokote. Yote yametoka kompyuta ya maabara iliyo kando ya jokofu. Karatasi hizi hapa."

Muuguzi mkuu alizipokea, akaanza kusoma kwa kidole. Kidole kilisimama juu kabisa. "Na hapa? 'Imesubirishwa. Sababu: ombi la familia.' Jina ni lako."

"Ni langu. Nilipaswa kuizima siku yake ya mwisho. Sikuizima."

"Ombi la familia," alirudia mkurugenzi. "Sote tuna familia, mama. Mimi nina kaka anayetaka kuegesha gari lake kwenye nafasi ya gari la wagonjwa."

Watu walicheka, na mkuu wa maabara alicheka zaidi yao, kama alivyoahidi. Bi Kufuli alibaki amesimama, akiwaacha wamalize.

Aliyekatisha kicheko alikuwa Bi Darubini. "Mia nne na kumi na mawili," alisema. "Mangapi yana makosa?"

Mkuu wa maabara alianza kupanga upya karatasi zilizo mbele yake.

"Nimeuliza. Lile moja mmelikamata kwa sababu mgonjwa ana mkoba wenye kadi. Haya mengine, wenyewe hawana mikoba. Nani ameyapitia?" Alimgeukia mkuu wa maabara. "Wewe umekuja kutueleza habari za uzee. Mimi nakuuliza habari za damu. Umepitia mangapi?"

"Bado tunaandaa utaratibu," alisema mkuu.

"Hata moja hujapitia." Akaiweka mikono yake mezani. "Neno la siri niliandika mimi kwenye mlango wa jokofu, kwa mkono wangu. Andikeni hivyo. Nilidhani nimewaachia jina wanaoliheshimu, kumbe nimewaachia kitambaa cha kupangusia. Na huyu," alimwonyesha mkwewe kwa kidevu, "nilimwomba kitu kibaya akanipa. Naye andikeni. Sitaki mtu anitetee. Nataka majibu yapitiwe upya, yote, na aliyekosewa aitwe."

Mkurugenzi alitazama saa, kisha akamtazama mama yule kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama saa. Uamuzi ulikuwa mfupi. Mkuu wa maabara alisimamishwa kuidhinisha chochote mpaka uchunguzi uishe. Bi Kufuli alipewa barua ya onyo, ya kubaki katika faili lake miaka mitatu. Bi Darubini aliombwa arudi kama mgeni wa siku kumi, kupitia majibu yale. Na akaunti ile ya zamani izimwe hapohapo, mbele ya kamati.

Bi Kufuli alifungua kompyuta. Mfumo uliuliza tarehe ya mwisho wa kazi. Bi Darubini alikuwa amesogea mpaka nyuma ya kiti chake. Shingo yake iliyopinda ilikuwa karibu na bega la mkwewe.

"Usiandike ya leo," alisema. "Andika ya kweli."

"Nimekwisha kuiandika."

"Herufi ya pili ya jina langu la kati. Hapo. Mmenikosea tangu mlipoleta mfumo huu."

Bi Kufuli aliirekebisha herufi, kisha akabonyeza. Kwenye kioo jina liligeuka kutoka rangi nyeusi kuwa kijivu, likabaki pale likisomeka. Kamati ilikuwa imekwisha kuanza kukusanya karatasi. Wao wawili waliliangalia, kila mmoja kwa sababu zake, halafu Bi Darubini akatoka.

Kesho yake alipanga foleni mlangoni pa chumba namba kumi na nne kama watu wengine, barua ya mkurugenzi mkononi.

"Siku kumi hazitoshi," alisema zamu yake ilipofika. "Nipe kumi na nne."

"Barua inasema kumi, Mama."

"Barua si wewe unayeiingiza?"

"Naingiza iliyoandikwa."

Waliokuwa kwenye foleni walijifanya wanasoma matangazo ukutani. Bi Darubini aliikunja barua mara mbili, taratibu, kucha zikipita juu ya mkunjo.

"Neno la siri?"

"Utachagua mwenyewe. Na ukiliandika mahali popote, nakuzima siku hiyohiyo."

"Haya," alisema mama mkwe, akachukua kadi yake ya mgeni na kuelekea maabara.

Alifanya kazi siku tisa mfululizo. Alikuta makosa mawili mengine, na wagonjwa wote wawili wakaitwa wakiwa hai. Siku ya kumi, saa tisa na nusu alasiri, aliweka sahihi kwenye ukurasa wa mwisho. Saa kumi kamili Bi Kufuli aliizima akaunti ya mgeni, bila kupiga simu kuuliza kama amemaliza.